Boksi la Mgongo Wazi

Nestory Mayala aliinama mbele ya boksi la spika, akasogeza sikio karibu liguse kitambaa cheusi, akapiga uzi mmoja wa gitaa. Sauti ilitoka nene, imeshiba, ikajaa karakana nzima mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Akapiga tena, safari hii nyuzi tatu kwa pamoja, kisha akafumba macho. Mteja wa miaka arobaini na tatu akishafumba macho mbele ya muuzaji, hana tena nguvu ya kuomba apunguziwe bei.

Orwa, fundi redio aliyekuwa anauza boksi hilo, alilijua hilo, akamwacha apige. Alikuwa Mjaluo wa Shirati, mtu mpole, mwenye vidole vilivyoungua kwa risasi ya kuunganishia waya, na tangu ahamie Mabatini hakuwahi kufanyia kazi mahali pengine. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbao na mabati kilichoegemezwa kwenye jiwe kubwa la mlimani, kama zilivyo nyumba nyingi za mteremko ule. Jiwe ndilo lilikuwa ukuta wa nyuma. Halikudai tofali wala plasta, na Orwa alipenda kusema kwamba mwenye nyumba alimpangisha kuta tatu, ya nne akapewa na Mungu.

“Linapumua,” Nestory alisema, macho bado kayafumba.

“Lina mgongo wazi,” Orwa alimwambia. “Wapigaji wa Kisumu siku hizi hawataki boksi lililozibwa nyuma. Ukiziba, sauti inakabwa. Hili linatoa mbele na linatoa nyuma. Spika mbili, inchi kumi na mbili kila moja, na mbao ni mninga mtupu. Wewe siwezi kukuuzia plaiwudi, omera, ndugu yangu.”

Bei ilikuwa elfu sitini na tano. Nestory alikuwa na elfu sabini nyumbani, ndani ya kopo la maziwa ya unga, lakini zile zilikuwa pesa za bati. Kule Kisesa yeye na mkewe Teodora walikuwa wamesimamisha kuta za nyumba ya vyumba vitatu kwa tofali mbichi, na kuta hizo zilikuwa zinatazama mbingu tangu Julai. Sasa ilikuwa Septemba 1996, imefika katikati. Mvua zikizikuta vile zilivyo, tofali zitarudi kuwa udongo. Hiyo elfu sabini ndiyo iliyosalia ya kiinua mgongo alicholipwa shirika la umma lilipobinafsishwa na bendi yake, aliyoipigia gitaa, ikavunjwa, na mke na mume walikuwa wamekubaliana, kwa maneno ya wazi kabisa, kwamba haitaguswa kwa jambo lingine.

Ila kulikuwa na Shimba. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyefungua baa kubwa Buzuruga, na alikuwa ametangaza kwamba anatafuta bendi ya kupiga kila mwisho wa juma kwa mwaka mzima, na kwamba Jumamosi ya wiki hiyo atazishindanisha bendi mbili zilizoomba. Siku ya kusaini angetoa kianzio cha laki nne. Nestory na wenzake walikuwa wanne, kwa hiyo fungu lake lilikuwa laki moja, yaani bati zote na misumari na fundi juu yake. Sharti la Shimba lilikuwa moja tu, kila mpigaji aje na vyombo vyake. Na Nestory alikuwa na gitaa, alikuwa na amplifaya, boksi hakuwa nalo.

Boksi lake la zamani lilipotea kwa kalamu ya karani. Siku ya mnada wa mali za shirika, karani aliandika amplifaya kwenye orodha ya vifaa vya umeme, na boksi kwenye orodha ya samani, akaliita sanduku la mbao. Nestory alinunua amplifaya asubuhi na kukaa kusubiri. Boksi liliuzwa mchana kwa mkupuo pamoja na meza sita na kabati, likachukuliwa na mwenye mashine ya kusaga. Alipokwenda kuligomboa alikuta limejaa pumba na spika zimeliwa na panya.

*

Kabla ya kufika kwa Orwa alikuwa amezunguka mji siku tatu. Katika duka moja la vitu vya Dubai aliona spika mbili nyeusi zinazometa, zimeandikwa wati elfu moja kwa herufi za dhahabu. Alizinyanyua zote mbili kwa mkono mmoja, na hapo hapo akazidharau, maana boksi la gitaa ni lazima likuvunje kiuno kidogo. Aliomba achomeke gitaa asikie. Kijana wa dukani alimwambia kuchomeka ni baada ya kulipa, kisha akamwomba asogeze gitaa lake mlangoni kwa sababu wateja wanashindwa kupita. Nestory alisogea. Alikuwa amepigia wageni wa serikali, mtu huyu, na sasa alikuwa anaambiwa asogee kwa adabu ile wanayoambiwa waombaji.

Siku ya tatu alikwenda parokiani. Kwaya ilikuwa na boksi lililozibwa pande zote, lenye spika moja, zito kama jeneza lenye mtu, na katekista alikuwa tayari kulikodisha kwa elfu nane kwa siku. Walilitoa stoo wakaliweka uwanjani, katikati ya nyasi, upepo wa ziwa ukivuma. Nestory akapiga. Sauti ilikuwa ndogo na kavu, haina mapambo. Tena ubavuni palichorwa msalaba mweupe. Alishukuru, akaondoka.

Sasa, mtu anaweza kushangaa. Mtu aliyepiga gitaa kwa miaka kumi na saba anakosaje kujua mambo ya boksi? Lakini bendi za mashirika zilikuwa na mafundi mitambo wao. Fundi ndiye aliyepanga maboksi, ndiye aliyekwenda kusimama mwisho wa ukumbi na kupunga mkono, ongeza, punguza. Kazi ya Nestory ilikuwa kupanda jukwaani amevaa suti, kupiga, kushuka, na kupokea mshahara tarehe ishirini na tano. Miaka yote hiyo alisimama hatua mbili kutoka kwenye boksi lake. Hakuwahi hata mara moja kujisikia akiwa amesimama walikosimama waliolipa kiingilio.

*

Jioni ya siku aliyofika kwa Orwa, walipokuwa wanakula ugali, Nestory alimweleza Teodora habari za boksi la Orwa. Alieleza vizuri, kwa mikono yote miwili, mpaka mchuzi ukapoa. Teodora alimwacha amalize. Alikuwa mwanamke wa maneno machache ambaye kwa miaka mingi alikuwa anakaanga samaki na kuuza, na tangu viwanda vya minofu vifunguliwe alikuwa anauza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya nyama kusafirishwa Ulaya. Alijua kuyakaanga mpaka hata mfupa unatafunika.

“Leo nilikuwa nateremka kwenda kwa muuza mkaa, pale chini ya mteremko, wakati unapiga kwa Orwa,” alisema. “Mwanzo nilikusikia vizuri. Nilipovuka nyumba ya tatu sikukusikia tena. Nikadhani umeshamaliza, nikasimama nikusubiri. Nimekaa pale mpaka miguu ikauma.”

Nestory alisema kule chini kuna kelele.

“Redio ya muuza mkaa niliisikia.”

“Redio ni redio, Mama Odeta. Gitaa ni kitu kingine.”

Teodora alipendekeza wakodi lile la kanisa kwa siku moja. Likishindwa, watakuwa wamepoteza elfu nane, na bati zitapungua tatu au nne tu, hizo atazitafuta yeye. Nestory aliweka tonge chini. Aliuliza kama anataka aende akashindane na vijana wa mjini kwa boksi la kuazima, lenye msalaba ubavuni, ili watu wafikiri amekuja kuhubiri. Akasema mengine pia. Alikuwa ameonewa siku tatu mjini bila kumjibu mtu, na majibu yote aliyoyaweka akiba yalimtoka hapo mezani.

“Wewe jua samaki,” alimalizia. “Habari za sauti niachie mimi.”

Teodora hakukasirika mara moja. Alikusanya sahani, akafika nazo mlangoni, akageuka.

“Miaka yote ulikuwa unanikataza kuingia baa, hata kuuza. Ukasema mke wa Nestory hawezi kufanya kazi baa. Sawa, nilikaa nje ya geti na karai langu. Wewe ulikuwa unapiga, Baba Odeta. Aliyekuwa anasikia ni mimi.”

Asubuhi Nestory alitoa kopo chini ya kitanda, mkewe akiwa ameshatoka kwenda kiwandani kuchukua mapanki. Alijiambia kwamba hakuna haja ya kumwita mtu kwa jambo ambalo fedha yake itarudi ndani ya siku nne. Saa tatu boksi lilikuwa juu ya mkokoteni, na majirani walisimama kulitazama likipita. Mmoja alimuuliza kama amenunua kabati. Nestory alimweleza kwa kirefu kuwa ni mninga.

Teodora alirudi adhuhuri akalikuta limekaa sebuleni, limechukua nafasi ya viti viwili. Aliinama, akaingiza mkono nyuma yake kulikokuwa wazi, akautoa. Hakugombana. Aliuliza tu ni kiasi gani kimebaki, akapokea ile elfu tano, akaifunga kwenye pindo la kanga. Nestory angependa agombe, kwa sababu kwa ugomvi alikuwa amejiandaa.

*

Shimba hakutaka kusikiliza bendi moja baada ya nyingine kama mtihani wa shule. Katika ujana wake alikuwa mcheza ngoma, na alishiriki sana mashindano ya baada ya mavuno, yale ambayo makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watu huenda wanakopenda. Hakuna hakimu wa makaratasi. Miguu ya watu ndiyo inayoamua. Kwa hiyo Jumamosi ile, saa tisa alasiri, aliziweka bendi mbili kwenye uwanja wa baa, moja kila mwisho, akatangaza kwamba zitapiga pamoja mpaka saa kumi na moja, kisha atapita kuhesabu watu. Kiingilio kilikuwa bure, na Buzuruga yote ilikuja.

Upande wa pili walikuwa vijana watano. Walikuwa na spika za Dubai, zile zile za herufi za dhahabu, wamezipanga nne juu ya meza. Mpiga gitaa wao, kijana wa miaka ishirini na mbili hivi, alivuka uwanja kuja kumsalimia Nestory.

“Shikamoo mzee. Baba alikuwa anatupeleka kukuona tukiwa wadogo.”

“Marahaba,” Nestory alisema. Salamu ile ilimuuma kuliko tusi.

Uwanja ulikuwa mpana, umezungushiwa uzio wa matete, na hapakuwa na ukuta mahali popote isipokuwa kaunta ya vinywaji huko katikati. Nestory aliliweka boksi lake, akachomeka amplifaya, akapiga uzi mmoja akiwa ameinama. Alitosheka. Kashindye, mwimbaji wao, alikuwa na kipaza sauti cha baa, na mpiga besi na mpiga ngoma walikuwa na vyombo vyao. Siku ile Shimba alikuwa ameruhusu kina mama kuuza ndani, na Teodora alifika na karai na jiko lake, akajipanga hatua thelathini hivi mbele ya bendi ya mumewe. Nestory alimwona akiwasha mkaa ndani ya baa, akakunja uso, lakini hakuwa na mdomo wa kukataza kitu wiki ile.

Walianza. Nusu saa ya kwanza watu waligawanyika sawasawa, maana walikuwa bado wanatazama. Kisha wakaanza kuvuka. Walivuka wawiliwawili, wakizungumza, bila haraka, jinsi mtu anavyohama kivuli jua likimfikia. Nestory aliwaona. Alidhani labda wimbo ni wa zamani mno, akamwonyesha Kashindye kwa kidevu wabadilishe. Wakabadilisha. Watu wakazidi kuvuka. Basi akapiga kwa namna ambayo hakuwahi kupiga kwa mshahara wa shirika. Alipanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, akashuka kwa nyuzi mbilimbili, akarudia kipande kimoja mara nne na kila mara akakigeuza. Masikioni mwake ilikuwa tamu mpaka ikamtia uchungu. Akajiuliza ni watu gani hawa, wana nini masikioni, wanaoacha kitu kama hiki wakafuate kelele za dukani.

Hata hivyo wapo waliobaki. Pale mbele palikuwa na watu kama arobaini waliokataa kuhama. Walisimama wamebanana na hawakuondoka wimbo baada ya wimbo, na kila Nestory alipoinua macho aliwakuta. Aliwapenda. Alisema moyoni kuwa mji bado una watu wenye masikio, na akawapigia hao, hao peke yao, jasho likimwingia machoni.

*

Saa kumi na nusu Kashindye alienda kunywa maji. Teodora aliacha karai kwa mwenzake, akaja mpaka jukwaani akifuta mikono kwa kanga. Orwa naye alikuwa amefika, amevaa shati jeupe la Jumapili, maana alikuwa amewaambia watu wengi Mabatini waje wasikie boksi lake. Alisimama pembeni akikuna shingo.

“Gitaa halisikiki, Baba Odeta,” Teodora alisema taratibu. “Sauti ya Kashindye tunaisikia, na besi tunaisikia. Wewe tunaona vidole tu.”

Nestory alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya mbali. Kashindye aliporudi akampa gitaa, akamwambia apige chochote, akaondoka. Alitembea hatua kumi, sauti ikapungua. Kwenye hatua ya ishirini ilikuwa kama mtu anayekuna sufuria chumba cha pili. Kwenye hatua ya thelathini, karibu na karai la mkewe, aliona mkono wa Kashindye ukipanda na kushuka juu ya nyuzi, na alichokuwa anasikia ni gitaa la yule kijana wa upande wa pili, likitoka mwisho mwingine wa uwanja na kufika hapo kamili. Kijana alikosea mahali. Kosa lilisikika vizuri kabisa.

Akarudi. Alimuuliza Orwa amemuuzia nini.

“Kwangu linaunguruma,” Orwa alisema, na alikuwa anasema kweli, uso wake ulionyesha. “Umelisikia mwenyewe, omera. Kwangu linaunguruma mpaka bati zinatikisika.”

“Kwako kuna jiwe nyuma,” Teodora alisema. “Sauti inayotoka mgongoni inagonga jiwe inarudi. Hapa nyuma kuna nini? Matete.”

Orwa aligeuka kuyatazama matete na mdomo ukabaki wazi, kwa sababu kwa miaka yote aliyotengeneza maboksi hakuwahi kulisikia hata moja likiwa mbali na lile jiwe. Nestory alielewa kwa mkupuo. Akauona uwanja wa parokia, nyasi, upepo, lile boksi zito lenye sauti kavu iliyosafiri peke yake bila kusaidiwa na kitu, na yeye akiiita ndogo. Alikuwa ametoa pesa za bati akanunua sauti ya jiwe ambalo haliwezi kuhamishwa. Alitaka kumpiga mtu. Hapakuwa na mtu wa kupigwa.

Orwa alisema, kwa sauti ya kufariji, kwamba anaweza kuliziba mgongo. Ufundi hatatoza. Mbao tu watamnunulia.

“Mbona hawa wamebaki?” Nestory alimuuliza mkewe, akiwaonyesha wale arobaini. Lilikuwa swali la mwisho alilokuwa nalo. “Kama hawasikii, mbona wamebaki?”

Teodora alitazama karai, akamtazama mumewe.

“Wanasubiri samaki,” alisema.

*

Ilibaki nusu saa, na ilibidi aipige. Ni vigumu kueleza nusu saa hiyo. Sasa aliona kila kitu alichokuwa hakioni. Wale watu arobaini walikuwa wamempa mgongo. Walikuwa wamelizunguka karai, wameshika noti mkononi, na yule aliyekuwa anatikisa kichwa kwa kile Nestory alichodhani ni kukubali gitaa alikuwa anapuliza kipande cha moto mdomoni. Nestory alipiga sawasawa, bila mapambo, kama mtu anayemaliza kulima shamba lililouzwa.

Saa kumi na moja Shimba alipita kuhesabu, ameshika fimbo yake ya mnadani. Wa upande wa vijana aliwakadiria tu, walikuwa wengi mno. Upande wa Nestory alisema, bila ubaya, kwamba wanaoitazama bendi ndio anaowahesabu. Akapata watu sita, na wawili kati yao walikuwa mashemeji wa Kashindye. Vijana wakasaini mkataba palepale juu ya meza ya spika zao. Wenzake Nestory walianza kufunga vyombo vyao. Hawakumlaumu, ila Kashindye alikuwa anakunja waya bila kumtazama usoni, na mpiga besi aliondoka bila kuaga.

Shimba alikuja na kumshika Nestory begani. Nestory akapata tumaini dogo la kijinga. Alifikiri ataambiwa ajiunge na vijana, awafundishe, apige gitaa la pili kwa spika zao. Kwa dakika hiyo angekubali hata hilo.

“Mayala, wewe ni mpigaji,” Shimba alisema. “Mimi nilikuja nikakaa karibu kabisa nikasikia. Lakini nina jambo lingine la kukuomba, na nakuomba wewe kwa sababu ni mume. Huyu mama namtaka jikoni kwangu. Watu arobaini, kwa saa mbili nzima, hawakutikisika. Bendi inawaleta watu, ila wakishafika ni lazima kitu kiwashike. Nitampa elfu ishirini na tano kwa mwezi. Unasemaje?”

Alisema kwa sauti ya mnadani, na kila aliyekuwa karibu alisikia. Teodora alikuwa hatua tatu kutoka pale, akikwangua karai. Kijiko chake kilisimama, lakini hakuinua kichwa. Kashindye aliacha kukunja waya. Nestory alijua wanasubiri aseme nini kuhusu mke wa Nestory na kazi ya baa, maneno aliyoyasema mbele ya watu hao hao miaka kumi na mitano, akiwa na suti na mshahara. Yalikuja mpaka kwenye ulimi. Alikuwa na hasira ya kutosha kuyasema, na hasira yote ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

“Aliyekaanga siyo mimi,” alisema. “Muulize mwenyewe.”

Shimba akageuka kama mtu aliyefunguliwa mlango asioutarajia. Teodora aliendelea kukwangua mpaka akamaliza sehemu iliyoganda, kisha akasimama.

“Thelathini na tano,” alisema. “Na miezi miwili unilipe mbele, leo, kabla hujawalipa hao vijana. Jumatatu asubuhi nina shughuli dukani kwa watu wa bati. Jumatatu jioni nitakuwa hapa.”

Shimba alicheka, akataka kupunguza, akamtazama usoni, akaingiza mkono mfukoni. Alihesabu elfu sabini mbele ya wote. Teodora alihesabu tena, akazifunga kwenye kanga pamoja na mauzo ya siku. Hakumtazama mumewe kwa ushindi. Laiti angemtazama hivyo, Nestory angekuwa na kitu cha kukasirikia. Alimwambia tu amsaidie jiko, limeshapoa.

Vijana walikuwa wameanza tena kupiga, sasa kwa raha ya walioshinda, na uwanja wote ulikuwa unacheza. Nestory alitundika gitaa begani, akalifunga jiko kwa kamba juu ya boksi, akalivuta boksi kuelekea getini kwa nguvu zake zote, maana mninga ni mninga. Pale getini walikutana na mwanamume mmoja wa makamo, mdomo bado una mafuta, mmoja wa wale arobaini. Alikuwa amesimama mbele ya bendi tangu saa tisa. Alimshukuru Teodora kwa samaki, akauliza kama atakuwepo wiki ijayo, akafurahi alipojibiwa ndiyo. Kisha akaliona gitaa, akamgeukia Nestory kwa heshima zote.

“Na wewe mzee,” aliuliza, “unapiga saa ngapi?”

Nestory alisimama, mkono kwenye boksi. Alimtazama yule mtu vizuri, akaona hana mzaha wowote.

“Bado,” alimwambia, akainama kulivuta tena.